Alikuwa Anasali Wapi?

Neno kanisa, msikilizaji, halina tofali hata moja ndani yake. Limetufikia kwa mkono wa Kiarabu, na Kiarabu kililipokea kutoka Kiaramu, lugha ya nyumbani kwao Yesu, ambako mzizi wake ni kukusanya. Kigiriki cha Agano Jipya nacho kilitumia neno la mkutano wa watu walioitwa. Lakini mwulize mtu yeyote pale Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam, kanisa liko wapi, atakunyoshea kidole kwenye paa la bati lenye msalaba, na hatakuwa amekosea. Katika Kiswahili chetu cha leo tunasema kanisa linavuja, kanisa limechelewa kutoka, kanisa limefiwa na mzee wake, kanisa limetoa waraka, na kila mara tunamaanisha kitu kingine: jengo, ibada, watu, uongozi. Vyote vinne vimepanga katika neno moja. Ndiyo maana anapotokea Mkristo akasema tuifikirie upya maana ya kanisa, yeye huenda anagusa kimoja tu kati ya hivyo vinne, ila anayemsikiliza anahisi vyote vinatikiswa kwa pamoja. Leo nataka tumtazame huyu anayesikiliza na kukunja uso. Tumezoea kumjadili yule anayetaka mabadiliko. Huyu anayekataa tunampita kana kwamba hana la kusema.

Wanaotaka mabadiliko si watu wa mzaha. Wengi ni vijana waliolelewa katika vikundi vya maombi vyuoni, wanaoisoma Biblia kwa makini, na wengine ni watu wazima waliochoshwa na michango isiyokwisha. Wanasema Wakristo wa kwanza walikutana nyumbani: kwa Priska na Akila, kwa Nimfa, kwa Filemoni. Ni kweli. Wanasema mahali pa kale pa ibada palipochimbuliwa Dura-Europos, huko Syria, pa karne ya 3, palikuwa nyumba ya kuishi ambayo ukuta kati ya vyumba viwili ulivunjwa ili watu waenee. Ni kweli pia. Wanasema majengo makubwa ya ibada yalishika kasi baada ya Kaisari Konstantino kuwapa Wakristo uhuru mwaka 313, na hapo napo historia iko upande wao. Marekani, Frank Viola na George Barna walichapisha kitabu mwaka 2008 wakidai kwamba desturi nyingi za Jumapili hazikutoka katika Agano Jipya, na mawazo ya namna hiyo siku hizi hayahitaji meli wala posta ili kufika Tegeta. Sasa, hoja zote hizo zinaposhindwa kumhamisha muumini wa Tandika au Bunju, maelezo yanayotolewa harakaharaka huwa matatu: hajui historia, amezoea, au mchungaji wake anaogopa kupoteza sadaka. Kila moja lina ukweli wake. Lakini hata yakijumlishwa hayatoshi, kwa sababu yanamfanya muumini aonekane mtu asiye na sababu zake mwenyewe. Anazo, na kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni daftari.

Nikisema daftari nina maana ya kile kitabu kikubwa kilichoko ofisi ya parokia au usharika, na kile kidogo anachokibeba katibu wa jumuiya, ambamo jina la mtu limeandikwa pamoja na la mkewe na la watoto wake. Ili tuuone uzito wake, tuutazame kwanza mji wenyewe. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Katika miaka 20 mkoa umezidi mara mbili, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo imekwenda pembezoni, kule ambako shamba la mihogo la jana ni mtaa wa leo. Na pwani hii tangu kale ni ya Waislamu. Misheni ya Wabenediktini pale Pugu iliteketezwa Januari 1889, wakati wa vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, kabla haijamaliza hata miaka miwili. Wakristo wengi tunaowaona leo Kinondoni na Temeke ni watu waliokuja kutoka bara, au watoto wa waliokuja: Kilimanjaro, Kagera, Mbeya, Iringa, Ruvuma. Huko walikotoka kanisa lilikaa juu ya ukoo. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika Uchagani mwaka 1902 na kufanya kazi huko hadi 1938, alishikilia kwamba usharika ujengwe juu ya vifungo vilivyokuwapo tayari, yaani ukoo, ujirani na rika. Josiah Kibira, Askofu wa Kilutheri wa Bukoba aliyekuja kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni mwaka 1977, aliandika kitabu kizima, kilichochapwa 1974, juu ya kanisa, ukoo na ulimwengu. Wote wawili walikuwa wakiishughulikia hali moja: mtu ambaye, hata kanisa likimtenga, ukoo bado unamjua ni mtoto wa nani na atalala wapi siku ya mwisho.

Mtu huyo akishuka kwenye basi mjini, ukoo unabaki nyuma. Anapanga chumba Mtoni kwa Azizi Ali, mwaka unaofuata anahamia Yombo kwa sababu kodi imepanda, baada ya hapo anasogea Chamazi. Wenye nyumba wanamjua kwa kodi, bosi anamjua kwa mkataba wa miezi mitatu, mtaani anaitwa Baba Fulani kwa jina la mtoto. Mahali panapomjua kwa jina lake lote, kwa tarehe ya ubatizo na kwa jina la msimamizi wake, ni pamoja tu: kanisani. Akihama anapewa barua ya utambulisho, anaipeleka anakokwenda, na Jumapili moja anasimamishwa mbele ya watu akasema ametoka wapi. Akitaka kuoa, majina yake na ya mchumba yanasomwa kwa sauti mbele ya watu wanaoweza kusema huyu ana mke Songea. Sheria yenyewe, ile ya Ndoa ya mwaka 1971, inataka taarifa itolewe angalau siku 21 kabla, na kwa Mkristo tangazo hilo limezoeleka kutolewa kanisani. Na akifa? Hapo ndipo kiini cha jambo lote. Nenda kwenye msiba wowote wa Kikristo Mwananyamala au Buza, turubai halijamaliza kufungwa, viti vya kukodi bado vinashushwa, na swali la kwanza la watu wazima linakuwa: alikuwa anasali wapi? Hawaulizi aliamini nini. Wanauliza nani wa kupigiwa simu: nani ataendesha ibada, kwaya ipi itakuja, nani atamwambia mama aliyeko Mbinga kwamba mwanawe hakuzikwa na manispaa. Msiba ambao swali hilo linakosa jibu ni msiba mchungu mara mbili, na kila mtu aliyekaa mkekani huondoka akijiuliza kimoyomoyo kuhusu nafsi yake.

Kwa hiyo anayemwambia mtu huyu kwamba kanisa ni popote walipo wawili au watatu anamwambia maneno ya kweli ambayo hayajibu swali lake. Wawili au watatu ni nani? Watakuwapo mwaka kesho? Nani ameandika? Sioni kwamba ni ushirikina kuuliza hivyo, wala si upungufu wa imani. Ni hesabu ya mtu anayeujua mji anaoishi.

Lipo jambo la pili, ambalo wapenda mabadiliko hulisahau kwa sababu wengi wao wamekaa mahali pa nafasi. Wanasema turudi majumbani. Majumba ya nani? Nyumba ya kawaida ya Manzese, Tandale au Tandika ni ile tunayoiita nyumba ya Kiswahili: vyumba vitatu upande huu wa korido, vitatu upande ule, uani choo kimoja, bafu moja na majiko ya kila mpangaji. Kila mlango ni familia. Chumbani mna kitanda, pazia, kabati, ndoo za maji, na watoto wanaolala chini. Mpangaji wa mlango wa pili ni Mwislamu anayetaka kupumzika, wa tatu ni mlinzi aliyetoka zamu ya usiku. Ukiimba wimbo mmoja, mwenye nyumba atakuita. Nyumba ya Filemoni ilikuwa nyumba ya bwana mwenye mtumwa. Hilo limo katika barua yenyewe, kwani kisa chake chote kinamhusu mtumwa huyo. Wakristo wa kwanza walikutana nyumbani kwa sababu miongoni mwao walikuwapo watu wenye nyumba za kutosha mkutano. Ukilihamisha wazo hilo kama lilivyo hadi Dar ya leo, kanisa litahamia Mbezi Beach na Goba, nyuma ya geti na mbwa, na mama muuza vitumbua wa Mbagala Kizuiani atakuwa mgeni kwenye sebule ya mtu, akivua kandambili mlangoni na kukaa ukingoni mwa sofa. Kanisani hahitaji kukaribishwa na mtu. Pale ndipo mahali pekee penye dari ya juu, feni na kiti chake ambapo anaingia bila kubisha hodi, kwa sababu alichangia tofali, na analijua liko ukuta wa upande gani. Jengo tunalolishutumu kwa ukubwa wake ni sebule ya watu wasio na sebule. Mkristo wa tabaka la kati anapolidharau jengo hilo kwa jina la unyenyekevu wa Mitume, nadhani hajaangalia yeye mwenyewe analala wapi.

Hapo atainuka mtu na kuniambia: basi unasema mambo yabaki kama yalivyo. La hasha. Nasema mabadiliko yaliyofaulu hapa kwetu yamefaulu kwa sababu yaliligusa daftari kwa heshima. Mfano mkubwa ni jumuiya ndogondogo za Kikristo. Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, katika vikao vyao vya Nairobi vya miaka ya 1973 na 1976, waliamua kwamba kujenga jumuiya hizo ndiyo kazi ya mbele ya uchungaji. Ilikuwa fikra mpya kabisa. Padri alikuwa mhimili wa kila kitu, halafu anaambiwa kanisa la kweli liko uani kwa mama fulani, majirani kumi na tano juu ya mikeka, mlei akifungua Maandiko. Miaka karibu 50 baadaye jumuiya imeota mizizi hadi mtu akisema leo nina jumuiya hakuna anayeuliza jumuiya gani. Majirani wanakutana alfajiri au jioni, nyumba kwa nyumba, wanasoma Injili ya Jumapili, wanamtembelea mgonjwa, na mmoja wao akifiwa wao ndio wanaofika kabla ya ndugu. Kwa nini fikra hii haikukataliwa kama zinavyokataliwa nyingine? Kwa sababu haikumnyang'anya mtu daftari, ililisogeza karibu. Jina lililokuwa ofisini kwa padri sasa liko pia kwa katibu anayeishi mtaa huohuo. Na zile nyumba za vyumba sita hazikuwa kikwazo kikubwa, maana zamu ilizunguka na uani ni pa wote, ingawa wapo mpaka leo wanaoogopa zamu yao kwa aibu ya chumba kimoja. Walutheri nao wana jumuiya za nyumbani zilizogawanywa chini ya mitaa na sharika zao, zikiwa na wazee wa kanisa wanaojua nani hajaonekana wiki ya tatu sasa.

Tena hata hicho tunachokiita mapokeo ya wazee wetu, kikichunguzwa, kina umri mdogo. Ngoma kwenye Misa, ambayo leo muumini wa Temeke angeshangaa ikikosekana siku ya sikukuu, ilikuwa jambo la kubishaniwa. Padri Stephen Mbunga, Mtanzania, alitunga Misa Baba Yetu mwaka 1959 na mwaka 1963 akatoa utafiti wake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujamaliza kazi yake. KKKT yenyewe, yaani kanisa la Kilutheri la Tanzania, tunayoizungumzia kana kwamba ilishuka na Martin Luther, ilizaliwa Juni 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, na wanawake wakaanza kubarikiwa kuwa wachungaji mwanzoni mwa miaka ya 1990. Babu anayesema hivi ndivyo tulivyorithi, mara nyingi anazungumzia jambo lililoanza yeye akiwa kijana. Simsemi vibaya. Nataka kuonesha kwamba watu wetu wana uwezo mkubwa wa kupokea kipya, na wakishakipokea wanakipenda hadi kinakuwa cha kale. Kwa hiyo wanapokataa jambo fulani tusikimbilie kusema ni wagumu. Tuulize limewagusa wapi.

Ushahidi mwingine unatoka kwa wale waliovuka mipaka. Kati ya mwaka 1972 na 1975 Edmund John, mlei wa Kianglikana na ndugu yake Askofu Mkuu John Sepeku, alifanya huduma ya maombezi na uponyaji iliyovuta umati jijini na mikoani. Angeweza kuanzisha kanisa lake. Hakuanzisha, alibaki Mwanglikana hadi kifo chake. Wanamaombi wa Padri Felician Nkwera, wenye kituo chao Ubungo, walitengwa na maaskofu wao katika miaka ya 1990, na bado wameendelea kujiita Wakatoliki, na rozari na Misa ndivyo vilivyobaki katikati ya maisha yao. Wapentekoste nao, ambao wangedhaniwa kuwa watu wa upepo unaovuma upendako, huanza chini ya turubai, kwenye darasa la shule au ukumbi uliokuwa baa, na kabla miaka mitano haijaisha kuna kiwanja, kuna kamati ya ujenzi, kuna mchungaji kiongozi na juu yake askofu. Full Gospel Bible Fellowship ya Zachary Kakobe, iliyoanza 1989, inajulikana kwa wakazi wengi wa Kinondoni kwa jengo lake la Mwenge kabla ya jambo lingine lolote. Moses Kulola alitoka Tanzania Assemblies of God mwaka 1991, na alichokianzisha, EAGT, kikawa nacho kanisa lenye majimbo, wachungaji na ofisi. Kuna wanaoona katika hayo usaliti wa Roho. Mimi naona waumini wakidai kwa viongozi wao wapya kile walichokiacha nyuma: mahali pa kudumu na mtu wa kuandika majina. Dola nayo inadai vivyo hivyo, kwa kuwa Msajili wa Jumuiya hasajili upepo. Anataka katiba, viongozi na anwani.

Sasa pingamizi la sadaka, ambalo si dogo. Inasemwa kwamba viongozi ndio wanaochochea upinzani, kwa sababu kanisa lisilo na jengo halihitaji harambee, na lisilo na harambee halihitaji mwenye kuhesabu. Ni kweli kwamba yapo makanisa ambako matangazo ya michango ni marefu kuliko mahubiri, na mwenye kuuliza hesabu anaonekana mwasi. Ukweli huo usifunikwe. Lakini tazama mnada wa baada ya ibada kwenye usharika wowote wa Kilutheri: mama ameleta trei ya mayai, mzee ameleta mkungu wa ndizi, kijana jogoo, na vitu hivyo vinanadiwa nje kwa kelele na vicheko, mwenye uwezo akinunua muwa kwa bei ya mfuko wa sukari na kuurudisha unadiwe tena. Aliyekuja bila shilingi ametoa, na wameona ametoa. Kwa mtu ambaye wiki nzima ni wa kupokea amri, kupokea mshahara mdogo, kupokea msaada, hiyo ni saa yake ya kuwa mtoaji. Ukimwambia kwamba anaibiwa, atakusikiliza kwa adabu na Jumapili ijayo ataleta mayai. Maslahi ya viongozi yanaeleza kwa nini baadhi ya mimbari hukemea fikra mpya. Hayaelezi kwa nini viti havina nafasi.

Lipo pia pingamizi la hofu, nalo nalichukulia kwa uzito kabisa. Februari 1, 2020, kwenye mkutano wa maombezi uwanja wa Majengo, Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa Paul Mackenzie, mhubiri ambaye alikuwa amelifunga kanisa lake la Malindi mwaka 2019 na kuwahamishia watu porini. Wazee wa kanisa wa Kinondoni wakisikia neno kanisa bila jengo, hiyo ndiyo picha inayowajia. Wapenda mabadiliko watajibu, kwa haki, kwamba jengo halikumzuia padri au mchungaji yeyote kutenda maovu, na kwamba maovu yaliyofichwa ndani ya taasisi kubwa duniani yamefichwa kwa msaada wa taasisi zenyewe. Hilo ni jibu zuri, ila linagusa nusu ya swali. Walioingia Shakahola walipotea kwenye kila daftari. Watoto hawakuwa shule, wagonjwa hawakuwa hospitali, na hapakuwa na mzee wa kanisa wa kugonga mlango kuuliza mbona familia hii haionekani. Anayetaka kanisa jepesi, la wachache, lisilo na ngazi, sharti atuambie nani atakayegonga mlango.

Kuhusu simu na ibada ya mtandaoni sitakaa sana, kwa sababu majira ya Korona yalikwisha kutupa jibu. Kenya walifunga nyumba za ibada Machi 2020, na zilipofunguliwa Julai waliruhusiwa watu 100 kwa saa moja, wasiozidi umri wa miaka 58. Wazee, ambao kwao kanisa ndiyo sehemu ya mwisho inayowangoja, waliachwa mbele ya televisheni. Masharti yalipolegezwa, viti vilijaa. Hapa kwetu makanisa mengi hayakufungwa. Redio na simu zinafaa kwa mgonjwa na kwa aliye safarini, na mimi ninayezungumza nawe kwa chombo hiki siwezi kukidharau. Ila redio haijui kama msikilizaji wake amekula.

Baada ya kuwatetea kiasi hicho wanaokataa mabadiliko, nawageukia wao wenyewe, kwa kuwa daftari walilolilinda limebadilika mikononi mwao. Lilikuwa la majina. Polepole limekuwa la madeni. Kuna safu ya zaka, safu ya ujenzi, safu ya gari la padri au nyumba ya mchungaji, safu ya mavuno, safu ya jubilei. Mkristo wa Kilutheri ana bahasha yenye namba yake, na namba inaonesha kila mwezi alitoa au hakutoa. Mkatoliki anajua kwamba barua ya ubatizo wa mtoto itaanza kwa swali kama anashiriki jumuiya, na kushiriki kumeanza kupimwa kwa michango. Kisha linakuja lile linaloumiza kuliko yote: maiti iko ndani, na viongozi wanapekua kurasa kuona kama marehemu alikuwa hai kwenye jumuiya. Watu huwalaumu viongozi hao kwa ukatili, nao hujibu kwamba bila utaratibu kila mtu angekuja kanisani mara moja tu, akiwa amebebwa. Jibu hilo lina mantiki. Lakini linasahau kwamba fundi aliyeumia mguu, au dada wa kazi za ndani asiyepewa ruhusa ya kwenda jumuiya Jumamosi, hakukataa kanisa. Alikosa nauli, akakosa mchango, akaona haya, akaacha. Nguvu yote ya hoja niliyoitoa, kwamba kanisa la mapokeo ndilo linalomjua mtu mji mzima usipomjua, inavunjika hapo, kwa mtu huyo mmoja. Kama naye amekuwa hajulikani, basi wapenda mabadiliko wako sahihi kuuliza jengo lile linalinda nini.

Na watu wa namna hiyo si wachache Mbagala, Buza, Tandale na Bunju. Hawakusoma kitabu cha Marekani, hawabishani na askofu, hawajaanzisha ushirika mbadala. Ndio waliokwisha kulifikiria upya kanisa kabla ya wote, bila kutangaza, kwa kubaki chumbani Jumapili asubuhi wakisikiliza kengele. Wachungaji wakiketi na vijana wao kujadili sura mpya ya kanisa, hawa hawaalikwi, na upande wowote kati ya zile mbili ukishinda hali yao haibadiliki. Lakini katibu wa jumuiya anawafahamu. Majina yao bado yako kwenye kurasa za nyuma, mengine yamepigwa mstari, mengine yameandikwa pembeni kwa penseli "amehama", ingawa hajahama, yuko mlango wa nne kutoka kisimani. Mwenyekiti na katibu wangeweza kuanzia hapo wiki hii, kwenda vyumba hivyo jioni watu wakisharudi kazini, bila bahasha mkononi, wakakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa na kuuliza habari za nyumbani.